Kaa Msomaji na Bei ya Taa

Hodi, wenzangu!
— Karibu!
Nimebeba ngano.
— Itue!
Ina aibu ndani yake.
— Itue hivyo hivyo, tutaibeba pamoja!

Bismillahi. Kabla sijaitua, nina neno. Ngano hii niliwahi kuwasimulia, wengine mnaikumbuka, na siku ile mlicheka mpaka mkashika mbavu. Lakini sikuwapa nzima. Kuna kipande nilikiruka. Si kwamba nilikisahau. Nilikifikia, nikakiona kinafanana na mimi, nikakiruka kama mtu anavyoruka dimbwi la matope akiwa na kanzu nyeupe. Mungu anisamehe. Leo nitaisema yote, na nikikifikia kipande hicho nitawaambia. Sikitu, acha kucheka, hatujaanza.

Haya.

Hapo kale wanyama wa Mto Mkwiro walichoka na giza. Wakakutana, wakajenga bwawa. Tembo akasukuma mawe: gudu, gudu, gudu. Fuko akachimba njia ya maji: fuku, fuku, fuku. Mchwa wakakandika udongo, bwawa lisivuje. Maji yakajaa, yakaporomoka, yakalipiga gurudumu kubwa: gurrr, gurrr, gurrr! Taa zikawaka nyumba hadi nyumba, zikawaka mpaka pangoni kwa Popo, ambaye hakuomba.

Bwawa likawa la wote. Lakini bwawa linataka mlinzi, na mlinzi lazima ale. Kiboko akasema, "Mimi nalala humo humo majini. Nani atalilinda kunishinda mimi?"

Hakuna aliyebisha, maana Kiboko akipiga miayo unaona mpaka alichokula juzi. Akawa Mwenyekiti wa Bwawa.

Wakaweka na kanuni, na kanuni yenyewe ilikuwa ya haki, siwezi kuisingizia. Kila mwaka, mvua zikiisha, wanakutana ukingoni kupanga bei ya taa ya mwaka mzima. Bei ni maboga. Maji yakiwa mengi, gurudumu linazunguka lenyewe, bei inashuka. Maji yakiwa machache, gurudumu linataka kusukumwa, wasukumaji wanataka kula, bei inapanda. Ili watu wasibishane, wakasimamisha mti ndani ya bwawa, wakauchonga alama kutoka chini mpaka juu. Wa kusoma alama akawa Kaa. Alikuwa anakaa chini ya jiwe, pale pale penye mti, na hakuna aliyewahi kumshika na uongo.

Mwaka wa kwanza maji yalikuwa mengi. Kaa akapanda mti: kwaru, kwaru, kwaru.

"Alama ya saba!"

Bei ikawa boga moja kwa kila taa. Wakaenda nyumbani wakiimba.

Kiboko akala yale maboga. Yalikuwa matamu. Akaita ukoo wake. Mkewe akaja, chubwi! Kaka zake wakaja, chubwi! Wakwe zake wakaja, chubwi, chubwi, chubwi! Bwawa likawa kama sufuria ya maharage.

Siku ya mkutano ikafika. Kiboko akatoka majini. Mkewe akatoka. Kaka zake wakatoka. Wakwe zake wakatoka. Wakaketi mstari wa mbele, wanene, wenye adabu, maji yakiwachuruzika chururu, chururu. Kule bwawani maji yakanywea: shwaaa.

Kaa akapanda mti: kwaru, kwaru.

"Alama ya tatu!"

Kiboko akatoa chozi. Akasema, "Ndugu zangu, mmesikia wenyewe. Si mimi niliyesema, ni mti uliosema. Maji hakuna. Naona uchungu, lakini nifanyeje? Maboga mawili kwa taa. Mnakubali?"

"Ndiyooo!" wakaitika.

Mkutano ukaisha. Kiboko na ukoo wake wakarudi majini. Chubwi! Chubwi! Chubwi!

Mwaka uliofuata, wakwe waliita wakwe zao. Siku ya mkutano ikafika. Kiboko akatoka, mkewe akatoka, kaka zake wakatoka, wakwe wakatoka, wakwe wa wakwe wakatoka. Chururu, chururu. Shwaaa. Kaa akapanda: kwaru.

"Alama ya pili!"

"Maboga matatu," akasema Kiboko. "Nawahurumia sana. Mnakubali?"

"Ndiyooo!"

Chubwi! Chubwi! Chubwi!

Sasa jamani, nyamazeni kidogo. Kipande nilichokiruka ndicho hiki.

Kaa alijua. Alijua tangu ule mkutano wa maboga mawili. Aliposhuka mtini na kuingia chini ya jiwe lake, alisikia chubwi ya kwanza, akachungulia, akaona maji yamefika alama ya nne. Chubwi nyingine, alama ya tano. Wote walipokwisha kuzama, maji yalikuwa yamepita ya saba. Kaa si mjinga. Alimwendea Kiboko jioni ile ile.

"Mheshimiwa," akasema, "mbona maji..."

"Kaa, mdogo wangu," Kiboko akamkata. "Mkutanoni ulisoma alama ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Ilikuwa ya tatu, au haikuwa ya tatu?"

"Ilikuwa ya tatu."

"Basi wewe umesema kweli. Kuna dhambi ya kusema kweli? Nenda kapumzike."

Alipofika kwake akakuta waya umevutwa mpaka chini ya jiwe, na taa inawaka. Taa yake mwenyewe, ya bure, haina boga. Kaa akaitazama taa ile. Akafikiri kuirudisha. Akafikiri tena. Halafu akalala, tena usingizi mzuri, nuru ikimwangaza usoni.

Hicho ndicho kipande chenyewe. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, siwezi kuwaeleza kwa maneno makubwa. Lakini mtu asiyesema uongo na asiyesema kitu ninamjua vizuri, nimekaa naye miaka mingi kwenye ngozi moja.

Tuendelee.

Katika nchi ile alikuwepo Kanga, mjane. Msimu uliofuata ule wa maboga matatu alikuwa na vifaranga vyake, na vifaranga vya marehemu dada yake, na mabawa yake hayakutosha kuvifunika vyote. Basi alikuwa ameweka taa ndani ya chungu kilichovunjika mdomo, na wale waliokosa bawa wanalala kuizunguka ile taa. Baridi ya Mto Mkwiro si ya mchezo. Kifaranga akilala nje usiku mmoja, asubuhi humwamshi.

Shamba lake mwaka ule lilitoa maboga matatu, moja limeoza upande. Na habari ilikuwa imeshavuma kwamba mwaka huu bei itakuwa maboga manne.

Kanga akamwendea Kaa siku moja kabla ya mkutano. Kaa alimsikia anakuja, akaisukumia taa yake nyuma ya jiwe.

"Hodi, kaka Kaa."

"Karibu, dada. Habari za watoto?"

"Wazima, leo. Kaka, nimekuja na ombi, na naona haya."

Kaa akasema moyoni: ataniambia nidanganye, nisome alama ya juu. Nitamkatalia, na kukataa uongo ni jambo jema.

Kanga akasema, "Wenzangu wameniambia, mwombe Kaa aongeze alama. Nimewaambia siwezi. Huyu ndiye mkweli peke yake katika nchi hii, nimwendee nimharibu? Ninachokuomba ni kidogo. Kesho soma sawasawa, usiteleze. Ukisema maji ni machache, nitajua kweli ni machache, na nitawazika watoto bila kumlaumu mtu."

Akaaga, akaondoka, kra-kra, kra-kra, akikwepa matope.

Kaa akabaki pale. Heri angetukanwa. Tusi lingempita juu ya gamba, lakini sifa ile iliingia ndani.

Alfajiri akamwendea Kiboko. Kiboko alikuwa anajiandaa kutoka majini.

"Mheshimiwa, usitoke!"

"Kwa nini?"

"Watu wananong'ona. Wanasema, mwaka wa ukame Mwenyekiti anapataje tumbo lile? Wanasema shingo yako imejaa mpaka haigeuki. Mheshimiwa, ukikaa ukingoni na tumbo hilo ukalia kwamba hakuna kitu, nani atalia nawe?"

Kiboko akajitazama. Akaona mwanzo wa tumbo, mwisho hakuuona.

"Sasa nifanyeje?"

"Kaa majini. Zama. Toa pua na masikio tu. Ukiwa hivyo unaonekana umekonda, maskini, kama chura mgonjwa. Na ukoo wako wote vile vile. Watu wakiona vile vipua vinahema juu ya maji, watasema, jamani, viongozi wetu wanakwisha! Hapo ukiomba maboga manne, watakuuliza kwa nini si kumi."

"Kumi!"

"Mimi nasema kumi kwa kuwa mimi mdogo. Wewe unaweza kusema kumi na tano."

Kiboko akageuka, akapiga kelele: "Mke wangu! Shemeji! Kila mtu majini! Asionekane mtu tumbo!"

Siku ile basi mkutano ukaanza. Wanyama wamejaa ukingoni, mstari wa mbele mtupu. Bwawani hakuna kitu isipokuwa pua: fff, fff, fff. Kanga ameketi nyuma kabisa, boga moja kichwani, mawili mapajani, lile lililooza ameligeuzia upande mzuri mbele.

Kaa akapanda mti: kwaru. Akapanda: kwaru, kwaru. Akazidi kupanda: kwaru, kwaru, kwaru, mpaka miguu yake ikashika hewa.

"Alama zimekwisha!" akapiga kelele. "Maji yameumeza mti!"

"Eeeh?" wakasema wote.

Kiboko akasikia. Akasahau kukonda. Akainuka kwa hasira, bwaaa! "Mwongo! Soma vizuri!"

Alipoinuka, maji yakashuka: shwaaa.

Akaliona hilo mwenyewe, akaketi haraka. Maji yakapanda: pwaaa, yakamlowesha Tembo miguu.

Tembo akainama, akatazama miguu yake, akatazama bwawa.

"Mheshimiwa," akasema polepole, "hebu inuka tena."

"Sitaki."

"Kidogo tu, mzee."

Kiboko akainuka nusu. Shwaaa.

"Keti."

Pwaaa.

"Na wakwe nao, tafadhali. Inukeni."

Shwaaaaaa!

Nyani akaanza kucheka, kwe-kwe-kwe. Wakacheka wote, wakagaragara. Halafu kicheko kikafa chenyewe, kimoja kimoja. Maana kila mmoja alikumbuka. Miaka yote hiyo watu wa ukoo wa Kiboko walikuja mkutanoni wamelowa. Maji yaliwachuruzika yakatiririka mpaka kwenye vidole vya waliokaa nyuma yao. Waliinua miguu isilowe, wakaitika ndiyo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza, hawa wametoka wapi?

Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mwisho Tembo akakohoa. Bei ikapangwa: boga moja kwa taa mbili. Kiboko hakuweza kubisha, kwa sababu kila alipofungua mdomo kusema alilazimika kuinuka, na kila alipoinuka alijishtaki. Kanga akatoa boga moja, akaambiwa anadai taa nyingine apende asipende, ni haki yake. Yale mawili akarudi nayo kwa watoto.

Ndipo makofi yakaanza. Pa! Pa! Pa! Tembo akamchukua Kaa kwa mkonga, akamwinua juu watu wote wamwone. "Mkweli wetu! Mkweli wetu!"

Kaa akasema, "Ngojeni, mimi pia..."

Pa! Pa! Pa!

"Jamani, nilikuwa najua tangu..."

Pa! Pa! Pa! Hawakusikia. Na Kanga, kule nyuma, amenyoosha shingo kabisa, analia kwa furaha, anamwambia kila mtu, "Si niliwaambia? Huyu hawezi kunyamaza akiona dhuluma!"

Walipomshusha, Kaa alikwenda nyumbani akiwa anawapita watu kwa ubavu ili asikutane macho na mtu. Akaukata ule waya kwa gando lake. Akakaa gizani. Kanga alikuja kumletea kipande cha boga la kuchemsha, akaita hodi, hodi, hodi. Kaa alikuwa ndani, hakuitika.

Mpaka leo Kaa anatembea kwa ubavu, na akisikia hatua zako anaingia shimoni. Watu wanasema ni mwoga. Si mwoga. Akuogope kwa lipi mtu aliyemwangusha Kiboko? Anachoogopa ni usije ukamsifu.

Sasa funzo, maana ngano bila funzo watu hudai warudishiwe muda wao. Funzo lake ni hili: mkubwa akija mkutanoni amelowa, usiulize ametoka wapi. Mpe taulo ajifute, itikia ndiyo, kisha urudi nyumbani ukalime maboga. Ukiweza, ulime mengi. Na ukipewa taa ya bure, lala vizuri, usingizi ni afya. Aliyeelewa na aelewe, aliyesinzia na aamshwe.

Ngano imekomea hapo. Kizuri chake ni cha Mungu, kibaya ni changu mimi niliyeisema.

Naona Sikitu ameshanyanyua mikono. Nawaomba, wenzangu, leo msinipigie makofi.