Kwa Nini Mbwa Hutetemeka Juu ya Ngazi

Mnacheka. Mbwa amesimama juu ya ngazi, anatia mguu, anautoa, analia kama kitoto kichanga, nanyi mnashika mbavu. Paka naye amejilaza katikati ya vidato, watu wanajikwaa, na bado mnamwita mzuri. Haya, nyamazeni niwaambie lililotokea, kisha acheke atakayeweza.

Kulikuwa na wakati mbwa hajui woga wa ngazi. Alipanda mbio na kuteremka mbio, mkia juu. Katika wakati huo, mji wa Shangwi ulikuwa na fundi wa kuchonga milango aliyeitwa Mwinyikombo, na mkewe Mwanatenga. Nyumba yao ilikuwa na orofa. Chini palikuwa na karakana na jiko, juu vyumba vya kulala, na kati yake ngazi ya mawe, nyembamba, iliyosimama kama ukuta. Walikaa miaka mingi bila mtoto, hata wakampata Mize. Basi Mbwa akapewa kazi ya kulala juu, mlangoni pa chumba cha mtoto. Paka alibaki jikoni na panya wake, na jambo hilo lilimkaa rohoni. Juu kulikuwa na upepo na mkeka laini. Chini kulikuwa na moshi.

Asubuhi moja, Mize akiwa ndiyo kwanza anatambaa, mama yake alikwenda kisimani na baba yake alikuwa karakanani akigonga patasi. Mtoto akatoka chumbani, akatambaa mpaka kwenye ngazi, akainama kutazama chini. Mbwa alimwita, hakusikia. Mikono ikateleza. Mbwa akaruka, akaudaka upindo wa gauni kwa meno, lakini uzito ulikuwa umekwisha kwenda. Wakaviringika pamoja, na kila walipogonga jiwe, Mbwa alijitia chini ili mtoto aangukie mwili wake. Walipofika chini, Mize alikuwa analia, mzima. Mbwa alikuwa amevunjika mguu wa mbele.

Mwinyikombo akatoka mbio. Akaona gauni limechanika, akaona kipande cha nguo kwenye meno ya Mbwa.

Paka alikuwa dirishani tangu mwanzo. Aliona yote.

"Paka, umeona nini?" Mwinyikombo akauliza.

Paka akalamba kiganja, hakuwa na haraka. "Nimemwona mtoto akitoka mdomoni mwa Mbwa, bwana."

Hebu niambieni, huo ni ushahidi? Mwinyikombo hakuuliza swali la pili. Alichukua fimbo akampiga Mbwa pale pale juu ya mawe ya ngazi, na mguu wake umening'inia, huku majirani wamejaa mlangoni wakisema, "Mpige, huyo ana jino la fisi." Kisha akamburura mpaka uani. "Nikikuona umekanyaga ngazi hii tena," akamwambia, "nitakutupa mbugani." Na jioni ile ile Paka akapanda juu, akajinyoosha kwenye mkeka wa Mbwa.

Mbwa alilala kwenye mvua. Mguu ulipona, lakini moyo haukupona. Alisema peke yake, "Ningekuwa nimekosa, ningevumilia. Lakini sikukosa!"

Mize akakua akaanza kusimama. Siku moja ya jua kali, Mbwa akiwa uani, alimwona kupitia mlango ulio wazi. Mtoto alikuwa juu ya ngazi, mguu mmoja uko hewani. Kando yake Paka alikuwa ananawa uso. Mbwa akabweka. Akabweka mpaka sauti ikakwaruza. Mwinyikombo akatoka na fimbo ile ile, amekasirika, lakini Mbwa hakumtazama yeye. Alikuwa anatazama juu. Fundi akafuata macho yake, akamwona mwanawe.

Mbwa hakungoja ruhusa. Alimpita bwana wake, akapanda ngazi aliyokatazwa, akajilaza kwa ubavu mbele ya miguu ya Mize, akaushika upindo wa gauni kwa meno. Lilikuwa gauni lile lile, limeshonwa; likachanika pale pale lilipochanika zamani. Mtoto akakaa kitako, akacheka.

Mwinyikombo aliutazama mchaniko ule. Kisha akamgeukia Paka. "Na siku ile ilikuwa hivihivi?"

"Hivihivi," akasema Paka. "Lakini sikusema uongo. Si alitoka mdomoni mwake?"

Mwanatenga, aliyekuwa amekuja na ndoo kichwani, aliitua kwa kishindo. "Mtazamaji wewe!" akamwambia Paka. "Ulitazama mtoto akianguka, ukatazama mwenzio akipigwa. Basi kaa hapo kwenye ngazi utazame, na kila apitaye akukanyage mkia!"

Fundi akanyoosha mkono kwa Mbwa. "Teremka, ndugu yangu, uje ule. Mimi ndiye niliyekosa."

Mbwa akatia mguu kwenye kidato cha kwanza. Akayaona mawe yaliyomvunja na mawe aliyopigiwa juu yake, na ni yale yale. Miguu ikaanza kutetemeka. Akaurudisha. Majirani, walewale, waliokuwa wamejaa tena mlangoni kwa kubweka kule, wakaangua kicheko.

"Kupanda, niliitwa na mtoto," Mbwa akasema. "Kuteremka ananiita nani? Wewe? Nilipanda kwa miguu yangu. Uliyenishusha kwa fimbo, leo utanishusha kwa mikono."

Hapo kicheko kikakatika. Mwinyikombo akapanda, kidato kwa kidato, akainama mbele ya mji mzima, akamkumbatia Mbwa na kumbeba kifuani. Alikuwa analia. Alimwomba radhi sikioni, tena na tena. Mbwa alikubali kubebwa, lakini uso wake aliugeuza upande.

Na tangu siku hiyo mbwa hupanda ngazi akiitwa na ampendaye, ila kuteremka humpa taabu, husimama juu akalia mpaka mtu apande amchukue. Paka hulala katikati ya vidato, mkia wake ukakanyagwa na wapitao. Nanyi mkimbeba mbwa, mtazameni vizuri: hatawatazama machoni. Mwili wake, unaokubali kubebwa, umeshasamehe. Macho bado.