Kwa Nini Njia ya Faili Huandikwa kwa Herufi Ndogo

Katika zama ambazo kompyuta haijapata kukaa juu ya meza ya mtu yeyote, hati zote za mji wa Vumbara zilihifadhiwa ndani ya Nyumba moja. Haikuwa nyumba ya mawe matupu. Ilisikia, ilijibu, na ilipotaka iliweza kusogeza kuta zake. Wapo wanaodai kwamba ilijengwa na majini. Dai hilo halina shahidi hata mmoja, na tunaweza kuliweka kando. Linalokubaliwa na wasimulizi wote ni kwamba Nyumba ilikuwa na tabia moja iliyozidi nyingine zote: ilipenda kupendwa.

Zama hizo hati haikuachwa mlangoni. Aliyeileta aliisindikiza kama asindikizwavyo mgeni wa heshima, mlango kwa mlango, hadi kwenye rafu yake. Akishafika, aliigusa rafu kwa kiganja, akataja mbele ya shahidi mmoja jina la hati na njia aliyopita: mlango wa tatu, ukumbi wa mashamba, kushoto, rafu ya tisa. Kazi ilichosha. Lakini hati hazikupotea, kwa kuwa kila moja ilikuwa na mahali pamoja, na watu wawili waliopajua.

Watu wakaanza kunung'unika. Wazee walizilalamikia ngazi, wafanyabiashara wakailalamikia foleni, na wenye haraka wakalalamika kwamba wana haraka. Nyumba, ikitaka kumridhisha kila mmoja, ikatangaza: "Acheni hati zenu kizingitini. Nitazibeba mwenyewe." Kisha ikatundika vioo katika vyumba vyake vyote, ili mtu aingiapo chumba chochote aione hati yake papo hapo bila kutembea. Mji ukafurahi. Kwa haki, ni lazima isemwe kwamba Nyumba haikudanganya. Hakuna aliyeiuliza kama kinachoonekana ukutani ndicho kilichomo chumbani.

Karani mmoja hakufurahi. Aliitwa Mwatime, mwandishi wa hati za wakfu, mwanamke aliyekuwa na desturi ya kusoma kila karatasi mara mbili na kutouamini usomaji wa kwanza. Kwa miaka minne aliendelea kuzisindikiza hati zake huku majirani wakimcheka. Lakini siku alipoiandika hati ya wakfu wa chemchemi ya Kibirini, mvua ilikuwa kubwa, na jamaa walikuwa wakimngoja kwenye arusi ya mdogo wake. Aliiweka hati kizingitini, hakuitaja jina, akaondoka. Ilikuwa siku hiyo moja tu. Neno hilo "tu" alilirudia moyoni mara nyingi baadaye, na kila mara aliliona dogo kuliko alivyolihitaji.

Mwaka wa pili, Bwana Sarahani, mwenye shamba lililopakana na chemchemi, alianza kuizungushia ukuta akisema ni ya babu yake. Mtaa ukamshtaki. Baraza la mji lilisikiliza pande zote mbili, likaamua kwamba hati ya wakfu iletwe kabla ya adhana ya alasiri, siku ya Jumatano. Isipoletwa, ukuta utakamilishwa, na mtaa mzima utateka maji kwa idhini ya Sarahani, au hautateka.

Jumatano asubuhi Mwatime aliingia katika Nyumba akifuatana na Bi Hidaya, mama mfua nguo aliyeishi hatua chache kutoka Kibirini. Bi Hidaya alikuja na ndoo yake tupu. Alisema hakuona sababu ya kuiacha nyumbani, haina la kufanya huko.

"Hati ya chemchemi iko wapi?" Mwatime aliuliza.

"Hii hapa," Nyumba ikajibu kwa bashasha.

Na kweli ilikuwapo, ukutani mwa chumba cha kwanza, muhuri wake ukionekana dhahiri. Mwatime alinyoosha mkono. Vidole vikagota kwenye kioo baridi. Akaingia Chumba cha Zilizoguswa Karibuni. "Hii hapa," Nyumba ikasema, na vidole vikagota tena. Akaingia Chumba cha Zipendwazo, akaingia chumba kilichokuwa na meza tupu katikati, akarudi alikotoka akidhani amepita mlango asiouona. Kila mahali hati ilikuwapo, na popote haikushikika. Katika chumba cha saba Bi Hidaya alikigonga kioo kwa fundo la kidole.

"Mwanangu, nyumba hii inatualika karamu ya picha."

"Haisemi uongo, Bi Hidaya."

"Sikusema inasema uongo. Jirani yangu Mwanaidi naye hasemi uongo hata siku moja, na kinu changu kiko kwake tangu mwaka juzi."

Mwatime alifikiria kukibandua kioo kimoja aone nyuma yake. Mkono ulifika kwenye ukingo, ukasita. Na kama mojawapo ya hivi si kioo bali ni hati yenyewe? Hakukuwa na alama ya kuvitofautisha. Huenda akaondoa taswira, huenda akachana wakfu wa mtaa mzima, na katika hali zote mbili Nyumba ingemwambia kwa furaha kwamba jambo limekwisha. Aliurudisha mkono wake, akaufuta jasho kwenye kanga.

"Nataka chumba kisicho na kioo," alisema.

Nyumba ilisogeza ukuta mmoja shingo upande, kama mwenyeji anayeombwa kuonyesha uani. Kisha mlango ukafunguka, juu yake pameandikwa Mengineyo. Ndani mlikuwa na mlango mwingine, Mengineyo Mapya. Huko nyuma yake ndiko zilikokuwa hati zenyewe, rafu kwa rafu, kutoka sakafuni hadi darini, na kila jalada limeandikwa maneno yale yale: Hati Isiyo na Jina. Tofauti ilikuwa namba.

"Hukuitaja jina," Nyumba ilieleza. "Nikaipa linalowafaa wote."

Mwatime alichukua ya kwanza. Ulikuwa mkataba wa punda. Akaichukua ya pili, ya tatu, ya nne. Alipoirudisha ya kumi na moja alishuku, akafungua tena iliyokuwa mahali pale pale, akakuta mkataba wa punda ule ule. Alidhani amechanganyikiwa, akaanza upya, na safari hii aliangalia kwa makini. Kila hati aliyoirudisha iliruka mbele ya zote, na zilizobaki zikasogea nafasi moja.

"Kwa nini unazisogeza?"

"Uliyoigusa karibuni huenda ndiyo uitakayo. Nakurahisishia."

"Ningekuwa ninaitaka, ningeirudisha?"

Bi Hidaya aliipindua ndoo yake akaikalia.

"Adhuhuri imepita," alisema. "Asubuhi nilimkuta Bwana Sarahani anachanganya udongo. Akaniamkia vizuri, akaniuliza hali ya watoto. Mtu akigombana nawe halafu akawa na adabu hivyo, jua hesabu zake zimekaa sawa."

Mwatime aliacha kugusa chochote. Miguu ilitaka kukimbia, nayo haikuwa na pa kukimbilia. Kwa hiyo akaizuia, akafikiri. Tangu asubuhi alikuwa akiiuliza Nyumba kama bibi anavyomuuliza mtumishi: iko wapi, nipe. Lakini Nyumba haikuwa mtumishi. Ilikuwa shahidi, tena shahidi wa namna mbaya kuliko mwongo, yule atamaniye kupendeza. Shahidi wa namna hiyo hujibu swali analotumaini ameulizwa. Haulizwi ana nini. Huulizwa alifanya nini, hatua moja baada ya nyingine, wala haruhusiwi kurukia mwisho.

"Usinionyeshe kitu," alisema. "Jibu tu. Siku ya mvua kubwa, mwezi wa Mfungo Tano mwaka jana, uliokota hati kizingitini?"

"Niliokota thelathini na mbili."

"Ngapi zilikuwa zimelowa pembe?"

"Moja. Iliachwa upande wa nje kidogo."

"Uliiingiza kwa mlango gani?"

"Wa kwanza."

"Ukageukia wapi?"

"Kulia, ukumbi wa wageni. Ikakaa siku arobaini. Ukumbi ukajaa, nikaileta Mengineyo." Sauti ya Nyumba ilianza kupungua. "Hapo dari likavuja, nikaihamishia Mengineyo Mapya."

"Rafu gani?"

"Nani anajali rafu gani? Nimekuwekea vioo kumi na vinne."

"Rafu gani?"

"Ya sita. Ya nyuma. Chini ya nyingine tisa."

Mwatime alikwenda hadi rafu ya sita akikariri njia yote kwa sauti, na Bi Hidaya akaikariri nyuma yake, kwa kuwa shahidi mmoja alihitajika. Akainyanyua hati ya kumi kutoka juu. Pembe moja ilikuwa imejikunja na wino wake umeenea kidogo, lakini muhuri ulikuwa mzima. Haikuwa baridi kama kioo. Ilinuka ukungu.

Waliingia barazani muadhini akijisafisha koo. Hati ikasomwa. Bwana Sarahani aliomba auone muhuri, akaugeuza juani, akaurudisha.

"Na matofali yangu?" aliuliza.

"Yachukue," alisema Mwinyi Chande, mkuu wa baraza. "Hayakuwekwa wakfu."

Watu wakacheka, wakaanza kuvaa viatu. Mwatime peke yake hakuondoka.

"Umeshinda, mwanangu," Mwinyi Chande alimwambia. "Wasubiri nini?"

"Nimeshinda kwa bahati ya mvua, mzee wangu. Laiti kungekuwa na jua siku ile, hati zote thelathini na mbili zingefanana. Sitaki mtaa mwingine uitegemee hali ya hewa. Naishtaki Nyumba."

Nyumba iliitwa kujitetea kutoka pale iliposimama, na utetezi wake haukuwa dhaifu. Ilisema iliwapa watu walichokiomba, kwamba hakuna hati hata moja iliyoharibika mikononi mwake, na kwamba mlalamikaji mwenyewe ndiye aliyeiacha hati mvuani bila jina. Mwatime alikiri la mwisho bila kupunguza neno. Mwinyi Chande aliona kuwa pande zote mbili zina ukweli, na kwamba ukweli wa Nyumba ulikuwa mkubwa kuliko alivyopenda. Vioo hakuvikataza, maana mji ulikwisha kuvizoea. Aliamuru kila kioo kitiwe mshale mdogo pembeni, ili mtu ajue kwamba anachokiona si kitu chenyewe bali ni ishara ya kilipo. Tena juu ya kila mlango iandikwe njia nzima, tangu kizingitini hadi rafuni.

"Kwa herufi za ukubwa gani?" Nyumba iliuliza kwa unyenyekevu.

Adhana ilikuwa imekwisha na safu zilikuwa zikipangwa. "Kiasi cha kusomeka," alisema Mwinyi Chande, akasimama.

Mwatime aliisoma hukumu mara ya pili kichwani mwake. Haikusema kusomeka na nani, wala kwa umbali gani. Haikugusa chumba cha Mengineyo, kwa kuwa yeye mwenyewe alisahau kukiombea amri. Aliinua mkono. Baraza lilikuwa limekwisha kuondoka, na hukumu ya Vumbara, ikishatamkwa mbele ya wahusika, haikurudiwa.

Nyumba ilitii kama ilivyoamriwa, bila kuzidisha. Kwa kuwa haikupenda undani wake ujulikane, ilichagua herufi ndogo kuliko zote zinazoweza kusomeka. Miaka mingi baadaye kuta zake zilichoka, ikajikunja, ikajikunja tena, hata ikaenea ndani ya sanduku linalokaa juu ya meza. Nayo ikaingia humo na hukumu yake vilevile ilivyoandikwa.

Na tangu siku hiyo, ndani ya kompyuta, baadhi ya picha za faili hubeba mshale mdogo pembeni, na njia ya kila faili huandikwa juu ya dirisha, mahali ambapo jicho halifiki mpaka muda umekwisha. Faili lililoachwa bila jina hupewa jina la wote, na lililoguswa mwisho huruka mbele ya wenzake. Mtu anayefungua folda baada ya folda, akiliona faili lake kila mahali na asilishike popote, hajarogwa, wala si mjinga. Anaishi chini ya hukumu iliyopungukiwa mstari mmoja, na aliyeinua mkono kuuomba hakuonekana.