Sultani Ndani ya Kihariri

Palikuwa na sultani, jina lake Haidari, mwenye wivu wa kitoto. Akiona jirani ana farasi mweupe, halali mpaka apate mweupe zaidi. Basi siku moja alikwenda kumtembelea sultani mwenzake ng'ambo ya mto, akakuta waandishi wa programu wa kule wana kihariri, yaani programu ya kuandikia, wanachokitumia bila kugusa kipanya. Mikono haitoki kwenye kibodi. Kuruka mstari, kitufe. Kufuta neno, kitufe. Kompyuta zilifikaje kwa masultani msiniulize mimi, nami nilihadithiwa hivyo hivyo.

Haidari akarudi kwake roho inamwaka. Akawakusanya waandishi wake barazani.

"Kihariri cha namna ile nakitaka hapa. Mkijue chote leo. Jua likizama nikaona mkono wa mtu kwenye kipanya, yeye na jamaa zake watahama mji huu."

Watu wakatazama miguu yao. Mashavu binti Ngwali, mmoja wao, naye akatazama yake. Alikuwa akikaa na mama mkongwe asiyeweza kufika hata kisimani, sembuse kuhama mji. Na kihariri chenyewe alikuwa ameshaanza kujifunza, kwa siri na kwa raha zake: kila asubuhi, chai ikiwa jikoni, kitufe kimoja. Kipanya alikifunika kawa la chakula. Mkono ukikiendea kwa mazoea, unakuta kawa, unaona haya, unarudi kwenye kibodi. Kwa hiyo alijua vizuri jambo hili linavyokwenda, na haliendi kwa siku moja.

Yeye mdomo wake haukuwahi kuzoea kunyamaza.

"Maulana, haiwezekani."

"Nani kasema?"

"Mkono ndio unaosema. Kichwa kinaelewa leo, mkono unaelewa mwezi ujao. Tupe somo moja kwa siku."

"Mkono wako mvivu."

"Mvivu, naam. Ndiyo maana naubembeleza."

"Wangu haubembelezwi. Unaamriwa."

"Basi tuuone, Maulana."

Haidari akacheka, lakini kicheko cha mtu aliyechokozwa. Akakivuta kiti cha Mashavu, akakaa mbele ya mashine.

"Naapa mbele yenu," akasema, "siinuki kiti hiki, wala sili, mpaka nimeingia kiharirini humu na kutoka kwa mkono wangu mwenyewe. Nikitoka, amri yangu ni ile ile. Nikishindwa, neno la binti huyu liwe sheria."

"Nikufundishe, Maulana?"

"Kuingia tu. Mengine nitayajua mwenyewe."

Mashavu akamfundisha kuingia. Akamfungulia programu ile inayoandika sifa za Sultani juu ya lango la kasri, akarudi nyuma, akakunja mikono.

Haidari akachapa: natoka. Kialama cha kuonyesha mahali pa kuandika kikaruka huku, kikaruka kule, kihariri kikabaki palepale. Akachapa tena kwa hasira. Radi ya Maadui ikafutika.

"Sifa yangu imekwenda wapi?"

"Umeifuta, Maulana."

"Mimi?"

"Mkono wako. Si umeuamuru?"

Akabonyeza hiki, akabonyeza kile. Baba wa Mayatima naye akaondoka. Taji la Miji likajaa mstari kwa mstari mpaka chini kabisa, kama kwamba miji yote duniani imekuja kudai taji lake. Waziri, mtu wa kujipendekeza, akanong'ona kwamba mashine izimwe.

"Izimwe," akasema Mashavu. "Ila aliyeapa kutoka kwa mkono wake ni Maulana, si umeme."

Waziri akarudisha shingo yake ndani ya joho.

Adhuhuri ikapita. Harufu ya biriani ikaja barazani bila kualikwa. Tumbo la Sultani likanguruma, na watu wazima wenye ndevu zao wakajifanya wanasikiliza ndege nje. Mashavu alitaka kucheka mpaka mbavu zikamuuma, lakini akamkumbuka mama yake, akajizuia. Jua lilikuwa linateremka na ile amri bado ilikuwa amri.

Alasiri Haidari akaegemea kiti, jasho linamtoka.

"Haya, nimeshindwa. Waziri, andika. Tangu leo hakuna atakayehamishwa, na kihariri kitafundishwa somo moja kwa siku. Moja tu."

"Na wakubwa, Maulana?" Mashavu akauliza kwa adabu. "Asije mkubwa mmoja akadai mawili."

"Hata mkubwa asipewe mawili. Andika, piga mhuri, nina njaa."

Waziri akaandika, akapiga mhuri. Mashavu akashusha pumzi ndefu. Mama yake atalala kwake leo, na kesho, na siku zote alizoandikiwa.

"Sasa, binti," akasema Sultani, macho yake yako mlango wa jikoni, "nifundishe kutoka, nitimize kiapo nikale."

"Uniwie radhi, Maulana. Leo umeshajifunza kuingia. Kutoka ni kesho."