Majivu Kwenye Mayai ya Njiwa

Mtu akiwashwa mwili, kwanza hulaumu kichaka alichopita jana. Kichaka kikikosa hatia, hulaumu mkeka wa jirani aliyemkaribisha. Ataipekua dunia nzima, na nguo aliyoivaa itakuwa ya mwisho kukaguliwa. Ndiyo maana tukaachiwa methali isemayo kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Wengi wetu huitumia methali hii kumnyooshea kidole ndugu au rafiki. Selpha Kavetsa naye aliitumia hivyo hivyo, mpaka siku kidole chenyewe kilipomgeukia.

Selpha alikuwa mjane wa Murunga, Mmaragoli aliyekuja kutafuta kibarua katika mashamba ya wazungu karibu na Eldoret, mji ambao watu walikuwa bado wakiuita Sisibo. Ilikuwa miaka michache baada ya nzige kula ngano ya Uasin Gishu. Bwana mwenye shamba alipenda njiwa kuliko ng'ombe wake, kwa hiyo wafanyakazi walimbandika jina la Bwana Njiwa. Njiwa wake walikuwa wa kupeleka barua, walioletwa kutoka ng'ambo ndani ya vikapu, na aliwajengea nyumba ya mbao juu ya nguzo, kando ya miti ya miwati. Murunga ndiye aliyewatunza. Alipofariki kwa ugonjwa wa kifua, Bwana Njiwa alimwita Selpha.

"Wewe iko na kazi ya kukamua," alimwambia. "Sasa shika na funguo ya njiwa. Njiwa ikizaa, wewe kaa kwa nyumba ya Murunga. Ikikosa kuzaa, nyumba iko ya mtu mwingine."

Selpha hakuwa na pa kwenda. Kule Maragoli shemeji zake walikuwa wamekwisha lima mpaka kizingitini pake, na Mungu hakumjalia mtoto wa kumwambia njoo, mama, ukae kwangu. Alichobaki nacho duniani ni kile kibanda cha nyasi, pamoja na kaburi la Murunga nyuma yake, alilolizungushia mawe kwa mikono yake mwenyewe. Akazishika kazi zote mbili kama mtu aliyetwikwa chungu cha maji moto.

Kabla jua halijapasua ukungu, alikuwa zizini pamoja na Jepkosgei, mkamuaji mwenzake, mwanamke wa Kinandi aliyekuwa na ulimi mwepesi na mikono myepesi zaidi. Kila mmoja alikuwa na mkebe wake wa mafuta ya kukamulia, ya kupaka chuchu za ng'ombe zisipasuke kwa baridi. Jepkosgei aliuacha wake juu ya kigingi cha zizi. Selpha aliuweka wake katika mfuko wa aproni, maana baridi ya nyanda zile ilipasua na mikono ya binadamu. Kidole chake cha shahada, mkono wa kulia, kilikuwa kimekatwa ncha na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Kovu lile lilimwuma kila palipopambazuka, akawa analipaka mafuta kutwa.

Akimaliza kukamua alipanda ngazi ya nyumba ya njiwa. Murunga alikuwa akichungulia tu, akaweka maji na mahindi yaliyopasuliwa, kisha akafunga mlango. Selpha hakuweza kuchungulia tu. Mtu ambaye kibanda chake kinategemea yai hawezi kulitazama yai kwa mbali. Alimsogeza njiwa taratibu, akalitwaa kila yai, akalifumbata, akafumba macho na kuomba, "Baba, uliyemkumbuka Hana aliyekuwa tasa, likumbuke na hili." Kisha alilirudisha na kwenda kwenye kiota kingine.

Mayai ya kwanza hayakuanguliwa. Selpha alisema ni baridi, akatundika magunia kwenye nyufa za mbao. Ya pili nayo hayakuanguliwa. Njiwa waliyalalia mpaka wakachoka, wakayaacha. Alipolipasua moja, alikuta kifaranga kilichokwisha anza kuumbika, jicho jeusi limetokeza, na uhai umetoka. Aliketi kwenye ngazi. Mayai yale hayakuwa matupu. Uhai uliingia, halafu kitu fulani kikaja kuuzima.

Bwana Njiwa alikuja akayatazama maganda. Hakufoka, na ule upole wake ulimtisha Selpha kuliko kelele.

"Shoo ya Eldoret ya kushindana njiwa iko karibu," alisema. "Mimi nataka kinda ya ile dume ya buluu. Jike yake imetaga jana. Hii mara ya mwisho, Selpha."

Kuanzia hapo usingizi ulimhama. Akala bila kujua ladha, akakamua bila kusikia maziwa yakilia ndooni. Alijiuliza swali moja tu, nani anayeyaua mayai? Na mtu akijiuliza nani, moyo hauchelewi kumpa jina.

Jepkosgei alikuwa na ndugu yake, Kiptoo, aliyekuwa ameoa juzijuzi na kulala na mkewe katika stoo ya mahindi, akingoja kibanda kipatikane. Jambo hilo shamba zima lililijua. Kisha mchana mmoja Selpha alimkuta Jepkosgei amesimama chini ya nyumba ya njiwa, uso ameuinua, midomo ikicheza.

"Unafanya nini hapo?" aliuliza.

"Nawasikiliza," Jepkosgei akajibu. "Wanaongea kama wazee wa baraza. Wote wanasema, hakuna anayesikia."

Akacheka, akaenda zake. Selpha hakucheka. Kicheko kile kilimwingia kama mwiba wa mchongoma, ambao ukiuvuta hukatikia ndani.

Tangu siku ile aliacha kunywa chai na mwenzake nyuma ya zizi. Walubengo, mpishi wa Bwana, aliyekuwa akiwaletea birika, aliliona jambo hilo haraka.

"Mama Selpha, siku hizi unakunywa chai peke yako kama jaji. Kuna nini?"

"Kikulacho ki nguoni mwako, Walubengo."

"Basi ikung'ute hiyo nguo," alisema Walubengo, akamimina chai.

Jumapili, walipokusanyika kwa maombi chini ya paa la stoo, Selpha aliomba kwa sauti ili Bwana Mungu amfichue adui anayekula naye sahani moja. Aliyeitikia amina kwa nguvu kuliko wote alikuwa Jepkosgei. Selpha alifumbua jicho moja kumtazama. Huyu ana moyo wa jiwe, aliwaza, anaitikia hukumu yake mwenyewe.

Ndipo alipokumbuka desturi ya mama yake. Kule kwao, mtu akitaka kumjua anayeingia ghalani mwake, humwaga majivu laini kizingitini na kwenda zake kama hajui kitu. Mwizi hujiandika mwenyewe. Selpha alichekecha majivu ya mekoni kwa kitambaa, akayamwaga mlangoni mwa nyumba ya njiwa na juu ya mbao kando ya viota. Kila alipotoka aliyasawazisha kwa unyoya. Kila aliporudi aliinama kutazama, na hakuona ila vijiguu vya njiwa.

Hapo hofu yake ikaongezeka badala ya kupungua. Mwenye miguu hukamatwa. Huyu anayeingia bila miguu ni wa namna gani? Akaongeza maombi. Akawa anapanda asubuhi, adhuhuri na jioni, na kila mara anayafumbata yale mayai mawili ya njiwa wa buluu, kwa muda mrefu kuliko jana. Njiwa walimpisha kwa kupigapiga mabawa, na majivu yakaruka hewani, yakatua popote. Mle ndani mlikuwa na kiza, hakuona yalikotua.

Siku za kuanguliwa zikatimia. Zikapita. Asubuhi moja ya ukungu njiwa jike alisimama pembeni mwa kiota, akayatazama mayai yake kama vitu vya mgeni. Selpha aliyatwaa yote mawili kwa pamoja, akayashikilia mpaka magoti yakafa ganzi, akasikiliza kama kuna mdomo unaogonga ganda kwa ndani. Kulikuwa kimya. Akayarudisha. Alipogeuka, Bwana Njiwa alikuwa chini ya ngazi.

"Iko namna gani?"

Aliona kibanda, aliona mawe ya kaburi, aliona barabara ya kwenda Maragoli na yeye juu yake na fundo la nguo kichwani.

"Bwana, ninamjua anayeyaua," alisema. "Ni Jepkosgei."

Jina lilitoka jepesi kuliko alivyodhani.

Waliitwa penye uwanja wa maziwa, mbele ya wakamuaji wote. Jua lilikuwa limeanza kula ukungu. Jepkosgei alikuja akijifuta mikono kwenye shuka lake, akadhani anaitiwa ng'ombe mgonjwa. Alipoelezwa, alimgeukia Selpha.

"Mimi? Mayai ya njiwa niyafanyie nini? Hata kwetu hatuyali."

"Ndugu yako anataka kibanda changu," Selpha akasema.

"Kiptoo anataka kibanda, ni kweli. Anataka na ng'ombe, na anataka mkewe aache kununa. Ningeua kwa kila anachotaka Kiptoo, shamba hili lingebaki na nani?"

Mtu mmoja alianza kucheka, akajizuia. Bwana Njiwa alikuwa amepanda kuyachukua mayai. Alishuka nayo ndani ya kofia yake, akaiweka juu ya pipa la maziwa, juani.

"Kama ni wewe, Jepkosgei," alisema, "leo hii unatoka kwa shamba. Wewe na Kiptoo."

Walubengo, aliyekuwa karibu, aliinama juu ya ile kofia. Akainama tena.

"Bwana, hapa kuna mkono wa mtu."

Wote wakasogea. Majivu yalikuwa yamegandama kwenye maganda meupe, lakini si kila mahali. Yaligandama pale tu palipokuwa na mafuta, na yalikuwa yamechora vidole waziwazi, kama vidole vya mtoto aliyeshika ukuta uliopakwa chokaa. Selpha moyo ulimruka kwa furaha. Mungu amejibu, mwizi amejiandika.

"Kidole gumba hiki hapa," Walubengo akaonyesha bila kugusa. "Na hivi vingine. Lakini hiki kinachofuata gumba kimekatika njiani. Hakina ncha. Jepkosgei, hebu toa mkono."

Jepkosgei akautoa, akaukunjua. Vidole vyake vilikuwa virefu na vizima, vyote.

Mmoja baada ya mwingine waligeuza macho, na Selpha, kabla hajajua anafanya nini, aliusokomeza mkono wake wa kulia katika mfuko wa aproni. Humo ndani vidole vyake vilikutana na ule mkebe wa mafuta, umepata joto la mwili wake.

"Mama Selpha," Walubengo alisema kwa sauti ya chini, "unakumbuka Krismasi ile, memsabu alipotaka mayai ya kuku yakae wiki nyingi bila kuoza? Tuliyapaka mafuta, mimi na wewe."

Alikumbuka. Kikapu baada ya kikapu, wakicheka, mafuta yamewafika viwikoni.

"Tuliyapaka tuyazibe. Yai linavuta hewa kama mtu. Ukiliziba, litakaa sana, lakini halitatoa mtoto."

Selpha aliutoa mkono mfukoni, akautazama kama anayetambulishwa kwa mtu. Mungu hakuwa amekataa maombi yake hata siku moja. Uhai aliutuma, ukaingia, na mwombaji mwenyewe akaufungia pumzi kwa kiganja kilekile alichoombea. Tena angalimfukuzisha mwenzake pamoja na ndugu yake na mke wa ndugu yake, na kulala usingizi mwema.

"Jepkosgei," alisema. "Jepkosgei, nimekukosea mbele ya watu. Nakuomba msamaha mbele ya watu hao hao."

Jepkosgei alichukua ndoo yake, akaenda zizini.

Bwana Njiwa alimnyang'anya Selpha funguo, akampa Jepkosgei. Jike la buluu lilitaga tena kabla ya mwezi kwisha. "Hii ikifa, wote iko nje," alisema Bwana, na safari hii hofu ikawa ya wanawake wawili. Jepkosgei akaweka sharti moja.

"Mama Selpha atateka maji na kupasua mahindi. Atayaweka kwenye ngazi. Juu hapandi, na akiomba, aombee hapo chini."

Selpha akaomba hapo chini. Zilikuwa siku ngumu kuliko zote za nyuma, maana sasa hakuwa na cha kufanya isipokuwa kungoja. Mara kwa mara alijikuta mguu wake uko kwenye kipago cha kwanza cha ngazi, akaurudisha. Alifungasha nguo zake fundo, akalifungua, akalifungasha tena. Jioni alikaa karibu na kaburi la Murunga, akamwambia kwamba huenda wakaachana.

Kisha asubuhi moja, akiwa ameshika debe la maji, alisikia kitu juu. Haukuwa mlio wa njiwa mkubwa. Ulikuwa mlio mwembamba, kama mlango mdogo unaofunguliwa na mtu asiyetaka kuamsha watu. Alisimama hapo chini, mikono ameiweka nyuma mgongoni, machozi yakimtiririka, wala hakuthubutu kuyafuta.

Jepkosgei alitokeza kichwa mlangoni. "Wawili," alisema. "Wabaya wa sura kama Kiptoo alipozaliwa."

Siku hiyo Selpha alibeba kikombe chake mpaka nyuma ya zizi, akasimama mbali kidogo. Jepkosgei alisogea kwenye gogo bila kumtazama.

"Kaa," alisema. "Chai inapoa."

Selpha alikaa. Kibanda kikabaki chake, na mawe ya kaburi akayapalilia miaka mingi. Lakini mkebe wa mafuta hakuuweka tena katika aproni. Aliuacha juu ya kigingi, kando ya wa mwenzake. Na kila moyo ulipoanza kumtajia jina la mtu, kwanza alitia mkono katika mfuko wake mwenyewe, akapapasa mpaka mwisho wa pindo, kwa kuwa alikwisha kuona kwa macho yake, tena kwa majivu, kwamba kikulacho ki nguoni mwako.