Kitundu cha Kipusa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mitaa na majirani kama sisi, Bi Kindi aliligeuza ghala kuukuu la mtama kuwa chumba cha kujifunzia kazi za mikono. Watoto wa mtaa mzima walikuja. Walifinyanga udongo, walikamua rangi kwenye maua, walipiga ngoma za vibuyu, ndi ndi ndi, wasikie ipi inafika mbali.

Fisi alilitaka ghala lile aweke mifupa yake. Peke yake hakuliweza, basi akaenda kumchochea Kifaru, mkuu wa mtaa.

"Mzee, mwanao Kipusa anarudi na tope mpaka masikioni. Hiyo ni elimu? Libomoe."

Kifaru hakuwa mbaya, ila alikuwa mwepesi wa kuambiwa. Jua lilipofika utosini ardhi ikatikisika, Kifaru anakuja na Fisi nyuma yake. Du. Du. Du.

"Kindi, toa watoto. Pembe yangu ikishainama haiinuki bure."

Watoto walijibana ukutani. Bi Kindi aliomba moyoni, Mola nipe neno. Jicho lake likaangukia kitundu cha msumari ukutani.

"Bomoa, Mzee. Mimi na udogo huu nitakuzuia na nini? Ila ingia kwanza uone nyumba hii inavyowafanya wenye nia mbaya. Fisi abaki pale juani."

"Kwi kwi kwi," Fisi alicheka. "Nani anaogopa nyumba?"

Kifaru akajipenyeza ndani. Mlango ukafungwa, giza likawa totoro. Macho yalipozoea, kwenye ukuta wa chokaa akatokea Fisi, mdogo, na madoa yake yote, miguu juu, kichwa chini.

Kifaru alikauka. "Fisi," aliita kwa sauti nyembamba, "umesimama?"

"Nimesimama, Mzee."

"Kwa miguu?"

"Sasa nisimame kwa mkia?"

"Maskini," Bi Kindi alinong'ona, "hajui kwamba ameshapinduliwa."

Kifaru akatoka kinyumenyume, akasimama juani. "Zamu yako, Fisi."

Fisi aliingia akicheka. Akamwona mkuu wa mtaa ananing'inia ukutani, miguu minne juu. Akachomoka, puru, akampita Kifaru bila kwaheri, wala hakurudi tena mtaa ule.

Kifaru alibaki anajipapasa miguu. "Bi Kindi, na mimi nimepinduliwa? Niombee kwa Mungu nirudi sawa."

Hapo Bi Kindi angenyamaza, wanangu, angekuwa ameshinda. Lakini kumwacha jirani na hofu ya uongo ni dhambi, naye alilijua hilo.

"Nimekukosea, Mzee. Nyumba haipindui mtu. Ni mwanga tu. Ukipita kwenye kitundu kidogo, wa juu unashuka na wa chini unapanda."

Pembe ikainama taratibu. Vumbi likapanda puani mwake.

"Umenifanya mjinga mbele ya watoto."

"Ni kweli."

"Hicho kitundu alitoboa nani?"

Kipusa akatoka mlangoni, tope mpaka masikioni.

"Mimi, baba. Cha kwanza kilikuwa kikubwa, picha ikaja na ukungu. Nikakiziba kwa udongo, nikatoboa kingine kidogo."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna. Nilijaribu."

Kifaru alitazama kile kitundu, kisha akaitazama pembe yake.

"Pembe hii imebomoa kuta nyingi," alisema, "na sijawahi kuona kitu upande wa pili ila vumbi."

Akapiga hatua mbili nyuma, akasimama wima juani.

"Haya, ingieni mfunge mlango. Mniambie leo nikoje."

Ndani wakaangua kicheko, na yeye nje, miguu yake ikiwa chini salama, hakukasirika.

Basi shikeni hili, wanangu: mtoto akipewa mahali pa kujaribu, mkono wake mdogo utafungua pale ambapo nguvu ingebomoa tu.