Nguchiro, Mtunza Aibu za Wakubwa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaezeka nyumba, wanateka maji na kualikana chakula, alikuwepo Nyati mmoja, kijana mwenye shingo nene kama gogo, aliyekaa na mama yake pembeni mwa mbuga. Sogeeni hapa. Na wewe unayesinzia huko nyuma, kesho usije kuniuliza ilikuwaje.

Nyumba ya Mama Nyati ilikuwa nyumba ya vicheko. Siku hizo koo zilikuwa na utani, wajukuu zangu, si kama sasa, ukimtania mtu anakwenda kukushtaki. Ukoo wa Nyati na ukoo wa Pimbi walikuwa watani tangu enzi za mababu. Bibi Pimbi, kadude kadogo kasiko na mkia, alikuwa akiingia kwa Mama Nyati bila hata kupiga hodi, anafunua chungu, anachota viazi, huku anamtukana mwenye nyumba.

"Shoga, pua yako imezidi kuwa kubwa au ni macho yangu?"

"Ni tumbo lako," Mama Nyati anajibu. "Rudisha hicho kiazi."

Wala hakirudishwi, na wala hakasiriki mtu. Ndiyo mila yenyewe. Hata msiba ukitokea, mtani ndiye anayevaa nguo za marehemu na kumwigiza, alivyotembea na alivyosema, mpaka waliokuwa wanalia wanacheka huku machozi yanawatoka. Ilikuwa raha, ingawa ni msiba. Nayakumbuka hayo mpaka moyo unaniuma.

Basi siku moja nyoka mkali, koboko, alitokea kisimani. Tembo akarudi nyuma, Kifaru akarudi nyuma, na Nyati naye vilevile. Mara Nguchiro akachomoka majanini, chaka, chaka, twaa, akamng'ata kichwa, koboko akanyooka. Kila mtu aliona. Hapo hapakuwa na uongo.

Uongo ulianza asubuhi yake, alipopanda juu ya kichuguu.

"Ninyi wakubwa," alisema, "mnajua kwa nini mlikimbia jana? Nje mmekua, ndani bado ni watoto. Mimi nje ni mdogo, lakini ndani ni mlima. Njooni niwakuze."

Tembo alijikuna sikio. Kifaru alitazama chini. Nyati alihisi anasemwa yeye peke yake. Jioni akamuaga mama yake, akaenda.

Nguchiro aliwaketisha duara. "Hapa tunatua mizigo," alisema. "Mtu hakui ndani huku amebeba aibu. Nyati, anza wewe."

"Nitue nini, Mwalimu?"

"Kile usichotaka mtu akijue."

Akasema taratibu, "Naogopa vyura."

"Sema wote wasikie."

"Naogopa vyura. Sijawahi kunywa maji mtoni bila mama kutangulia. Yeye anaingia kwanza, anakanyagakanyaga, vyura wanaruka zao, chubwi, chubwi, ndipo nami nakunywa. Mpaka leo hii."

Hakucheka mtu. Nguchiro alishuka, akamgusa kwato. "Umefanya jambo kubwa, mwanangu. Nipe mimi nikuwekee. Na ninyi mliosikia, sahauni. Akisahau mtu, amekua."

Nyati alijisikia mwepesi, kweli kabisa, na tusimcheke. Tembo naye akatua, Kifaru naye akatua. Nguchiro akawawekea wote.

Kisha mambo yakaanza kubadilika kidogokidogo. Wakawa wanamchimbia mashimo ya kukaa, wanamletea asali na mayai. Asiyeona kwamba anakua aliambiwa hajajitoa, akachimbe zaidi. Na jamaa zao wa nyumbani wakapewa jina, wakaitwa Wavuta Mkia.

"Nani anakuvuta mkia?" Nguchiro anauliza kila asubuhi.

"Tumewaacha!" wanaitikia wote, mbuga nzima inatikisika.

Siku moja Nyati alikutana na mama yake njiani akipita na mtungi. "Nyati, umekula?" mama aliuliza. Nyati akapita kama hakusikia. Nguchiro alimsifu mbele ya wote kwa hilo, na Nyati akatabasamu, lakini usiku usingizi haukuja. Alilala macho akikumbuka viazi vilivyochomwa kwenye majivu, na sauti ya Bibi Pimbi akimwita kwa utani, "Mchumba wangu mwenye sura ya kinu." Alitamani kutukanwa, jamani. Huko kwa Nguchiro kila mtu alimwita ndugu mpendwa, na hakuna aliyemtania.

Kwa nini asiondoke? Tembo alijaribu. Aliaga vizuri tu, kwa adabu. Nguchiro akapanda kichuguuni akasema kwa upole, "Ndugu wapendwa, Tembo anatuacha. Niwaambie watu wa mbuga nzima alichonipa nimwekee?"

Tembo akaketi chini, puu.

"Vizuri, baba," Nguchiro alisema. "Nakupenda ndiyo maana."

Tangu hapo hakuaga mtu mwingine.

Ikatokea asubuhi moja, wamekaa duara, wakamwona mtu anakuja. Ni mdogo sana, amejifunga kanga kubwa inayoburuzika vumbini. Anaburuta mguu wa kushoto, anashika kiuno, anaguna, "Aa, magoti haya, aa."

Wengine walidhani ni kichaa. Nyati alijua kabla hata hajafika. Kanga ile ilikuwa ya mama yake, na mguu ule ulikuwa wa mama yake, na aliyeuburuta alikuwa Bibi Pimbi. Mtani akivaa nguo za mtu, ujue mwenyewe hayupo tena.

"Nyati, umekula?" Bibi Pimbi aliuliza, kwa sauti ileile. "Nimelala pale nyumbani nakungoja, mwanangu. Wamenichimbia shimo zuri, lakini hawajanitupia udongo. Wanasema mpaka aanze mwana wa pekee."

"Mtoeni huyo," Nguchiro alisema.

Kifaru akainuka, akasita. "Mwalimu, ni mtani, na yuko msibani. Haguswi."

Nguchiro hakubishana naye. Alimgeukia Nyati, akasema polepole, "Mvuta Mkia amekuja na kanga. Ukimfuata, leo hii nitaitangaza ile yako. Utakapopita watu watakuwa wanakunyooshea kidole."

Nyati alitaka kwenda. Alimwona mama yake amelala peke yake kando ya shimo, akataka kukimbia, na miguu ikakataa. Aliona haya, na akaona haya zaidi kwa kuona haya.

Bibi Pimbi alikunja kanga kiunoni, akaja mpaka chini ya kidevu chake. "Amekuwekea nini huyu?"

"Siri," Nyati alinong'ona.

"Siri gani?" Akamtazama huku, akamtazama kule. "Isije ikawa ile ya vyura."

Nguchiro akageuka kumtazama Nyati.

"Ile ya vyura?" Bibi Pimbi alipaza sauti. "Tuliiimba jandoni kwake! Mama yake mwenyewe ndiye aliyetufundisha kiitikio. Ukoo mzima wa Pimbi unaijua, na watoto wetu wanabembelezwa nayo." Akachuchumaa, akaruka katikati ya miguu ya Nyati. "Kroo. Kroo, kroo."

Nyati, dume zima, akaruka nyuma akamwangukia Kifaru. Kifaru akaangua kicheko, na kile kicheko kikamkamata Nyati mwenyewe, akacheka huku analia, analia huku anacheka, anamlilia mama yake kwa sauti mbele za watu.

Ndipo Tembo akasema, "Mimi sioni vizuri. Juzi juzi nilikiamkia kichuguu hiki, nikidhani ni mama mkwe."

"Kikakuitikia?" Bibi Pimbi aliuliza.

"Nilingoja sana."

Wakavunjika mbavu. Kifaru naye akasema yake, na mwingine yake, mpaka wakawa wanagombea zamu.

"Nyamazeni," Nguchiro alipiga kelele. "Hizo ni zangu. Mlinipa mimi."

Wote wakamgeukia. Neno lile lilimtoka mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Wakamtazama vizuri, mnyama mdogo juu ya lundo la udongo, mashavu yanang'aa asali, wakainuka mmoja mmoja wakaenda makwao.

Njiani Nyati akasema, "Bibi, mimi huo wimbo wa jandoni siukumbuki."

"Utaukumbukaje? Haukuimbwa."

"Kwa hiyo ulikuwa hujui?"

"Sikujua kitu. Mama yako alinificha mpaka jana, alipokuwa anakata roho. Alinishika mkono, akanieleza habari ya vyura, akaniuliza, sasa akienda mtoni, nani atamtangulia? Hakuuliza lingine."

Nyati alisimama katikati ya njia. "Nawe umenitangaza mbele ya watu wote."

"Nimekutangaza, ndiyo. Ningeiacha kwa yule, angekushika nayo mpaka uote mvi. Tembea, mchumba, mama yako anangoja."

Walipofika, watani wote wa ukoo wa Pimbi walikuwa wamejipanga shimoni, wamekataa kutoka mpaka wapewe viazi, kama ilivyo mila ya watani. Nyati akaingia jikoni kwa mama yake, akawasha moto, akawachomea mwenyewe. Walipotosheka wakampisha, mama akashushwa, naye akachota udongo akaanza kumfukia, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Wajukuu zangu, mwendo wangu ulikuwa wa kufika kwenye kaburi hilo, na nimefika. Mwalimu anayekukataza kwenda kwenu na kukutisha kwa aibu yako, huyo hakukuzi, anakufuga.