Kanzu ya Mshamu na Sultani Aliyekutwa Chini

Hapo zamani, katika mji mmoja wa pwani, palikuwa na Sultani jina lake Badi, naye alikuwa na kinu kikubwa cha kukamulia mafuta ya ufuta. Wakamuaji walikuwa wakivua kanzu asubuhi na kufunga shuka, na ikifika jioni huyu haoni kilemba chake, yule hana kiatu kimoja, kelele hadi magharibi. Basi Sultani akachoka na ugomvi wao, akatoa amri:

"Chochote kitakachokutwa chini kinuni kisiguswe ila na mtunza sanduku, akitie humo. Na anayedai chake alete mashahidi wawili walioona kikipotea. Asiyewaleta, kitu ni mali yangu."

Ikawa sanduku linajaa, wala hapana kitokacho.

Miongoni mwa wakamuaji alikuwamo Mshamu, maskini wa Mungu, mwenye kanzu moja tu ulimwenguni. Siku ya Alhamisi kanzu ile ikaanguka kutoka msumarini, ikaokotwa na kutiwa sandukuni. Na kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, ndipo alipokuwa amwozeshe binti yake!

Akamwendea mtunza sanduku, Bwana Sefu. "Bwana wangu, nipe kanzu yangu. Nitamwozeshaje mwanangu na shuka la mafuta?"

"Mashahidi walioona ikipotea wako wapi?"

"Ewe bwana, ingeonekana, ingepoteaje?"

"Usinitie wazimu. Amri ni amri."

Mshamu akarudi kazini akileta istighfari, maana alikwisha kumtukana Sefu moyoni mara tatu.

Basi alasiri ile ile Sultani akaja kuonja mafuta mapya. Akaingia kwa madaha, akakanyaga utelezi. Mguu mmoja ukaelekea kibla, wa pili ukaelekea sokoni. Pu! Akalala chali. Wakamuaji wakamkimbilia.

"Msimguse!" akapiga ukelele Mshamu. "Amekutwa chini kinuni!"

Wote wakasimama, mikono juu.

"Niinueni, mahayawani nyie!"

"Maulana, twaogopa amri yako. Na aje mtunza."

Sefu akaja mbio, akanyoosha mkono. Mshamu akamwuliza, "Ukishamwinua wampeleka wapi, Bwana Sefu? Sandukuni?"

"Thubutu!" akanguruma Sultani.

"Basi, maulana, mwenyewe ni nani tumwite?"

"Mwenyewe ni Mwenyezi Mungu, ewe mpumbavu!"

"Hakika. Na mashahidi walioona ukipotea?"

"Sikupotea! Mungu ananiona hapa nilipo!"

"Ndivyo, maulana. Hata kanzu yangu Mungu aliiona ikianguka, ila Bwana Sefu hamkubali kuwa shahidi."

Sultani akamkazia macho Mshamu, mafuta yakimwingia sikioni. Kisha tumbo likaanza kutikisika, akacheka hata machozi yakamtoka. "Fungueni sanduku! Kila mtu achukue chake. Na Mshamu apewe kanzu yake, na joho langu juu yake, akaozeshe kama watu."

Mshamu akainama. "Maulana, sina budi niungame. Utelezi ule niliuona tangu asubuhi, nikasema nitaufuta, uvivu ukanishika. Na kopo la ugoro la Bwana Sefu nililiokota mimi juzi, nikanusa mara mbili kabla ya kumrudishia."

"Tatu," akasema Sefu.

"Tatu," akakubali Mshamu.

Sultani akaangua kicheko kipya huku akiinuka, akateleza tena. Safari hii hapana aliyeuliza mashahidi: Mshamu huku, Sefu kule, wakamdaka kabla hajapotea.